Nikikuuzia bagasi, nitapikia nini?

Mpishi wa sukari nguru alichota tone la uji mzito kutoka karai la tatu, akalidondosha ndani ya bakuli la maji baridi, akaliviringisha kwa vidole viwili. Lilipaswa kushikana na kuwa gumu kama kokwa. Likateleza kama kamasi.

"Mwalimu, huu muwa ulilala," akaniambia bila kuinua macho.

Ulikatwa Jumatatu, trela ikakwama kwenye tope, ukafika kinuni Ijumaa. Akachota chokaa kutoka kopo la rangi lililokatwa mdomo, akainyunyiza kwenye karai la kwanza ambamo maji ya miwa yalikuwa bado mabichi. Povu jeusi likapanda juu, kijana mmoja akaliengua kwa upawa mrefu. Karai la tatu, alisema, lishaharibika; litauzwa kwa wapika chang'aa.

Kinu chenyewe ni cha kawaida huku upande wa Malava, Kakamega, magharibi mwa Kenya: banda la mabati lisilo na kuta, rola tatu zinazozungushwa na injini ya dizeli, na makarai yaliyopangwa juu ya tanuri refu la matofali. Nimefundisha kemia ya sekondari miaka mingi, na sikuwahi kulifundisha somo la uchocheaji vizuri kama lilivyofundishwa pale kwa tone moja na kopo moja. Sukari ya muwa ni molekuli mbili ndogo zilizofunga ndoa. Muwa ukilala, unachacha, na uchachu huo ni asidi. Asidi inaivunja ndoa ile, na zile sukari mbili zikishaachana hazigandi tena. Jambo la ajabu ni kwamba asidi yenyewe haipungui. Ni mfitini: anavunja nyumba hii, anahamia kwa jirani, na yeye hapungukiwi na kitu. Ndiyo maana ya kichocheo. Chokaa ndiyo inayomfunga mfitini mdomo, ila lazima iwahi kabla nyumba hazijavunjika.

Sikwenda Malava kujifunza kupika sukari nguru. Nilikwenda kuuliza bei ya bagasi, yale makapi yanayobaki muwa ukishakamuliwa. Kijana niliyemfundisha zamani, sasa ana shahada mbili, ameniletea pendekezo la kurasa arobaini la kugeuza bagasi ya miwa na gugumaji la Ziwa Victoria kuwa mafuta ya ndege. Michoro ni mizuri, milinganyo ya kemia haina kosa. Neno "taka" limo karibu katika kila ukurasa. Kwa hiyo nikamuuliza mzee yule wa makarai, hizi taka zako ungeniuzia shilingi ngapi kwa trela? Nyuma yake akina mama watatu walikuwa wakianika bagasi uwanjani, wakiigeuza kwa uma wa miti, na ile iliyokauka ikisukumwa mdomoni mwa tanuri.

Akacheka. "Nikikuuzia bagasi, nitapikia nini?"

Mjadala mzima wa kugeuza mimea kuwa kemikali na mafuta, kwa sisi wa ukanda wa miwa kutoka Miwani hadi Nzoia, ungepaswa kuanzia kwenye swali hilo. Unaanzia kwingine kabisa, kwenye maabara, kwa sababu huko ndiko mambo yanapofana.

Bagasi si taka. Kiwanda kikisaga tani 100 za miwa, hubaki na takriban tani 30 za bagasi, nusu yake ikiwa maji. Hiyo ndiyo kuni ya boila. Boila inatoa mvuke, mvuke unazungusha mitambo na kuchemsha maji ya miwa. Asiye na bagasi hununua magogo, na mtu yeyote aliyepita barabara ya Muhoroni msimu mbaya ameona malori ya mikaratusi yakielekea viwandani. Kiwanda cha sukari cha Mumias kilikwenda mbali zaidi: mwaka 2009 kilifungua mtambo wa umeme wa megawati thelathini na kitu unaochoma bagasi, 26 kati yake zikiuzwa kwenye gridi ya taifa. Baadaye, 2012, kikaja kiwanda cha ethanoli kutokana na molasi, ule uji mweusi unaobaki sukari ikishatolewa. Mitambo ilikuwa mipya, wanunuzi walikuwepo. Kilichokosekana ni miwa, na 2019 kampuni ikawekwa chini ya mrasimu. Ukitaka kujua hatari ya biashara ya mimea iko wapi, usitazame kichocheo, tazama uwanja wa kupimia miwa.

Sasa tuingie kwenye kemia, kwa maana kijana wangu hakukosea yote.

Mmea umejengwa kama nyumba ya udongo. Selulosi ni fito na nguzo, hemiselulosi ni kamba zinazofungia fito, lignini ni udongo uliokandikwa. Kwenye bagasi kavu, selulosi ni kama asilimia 40 na kitu, hemiselulosi kama robo, lignini inakaribia moja ya tano. Kazi ya kichocheo ni kufungua nyumba hiyo bila kuibomoa ovyo. Kuna njia ya kuigeuza nyumba nzima kuwa gesi kwa joto kali, kisha kuiunganisha upya juu ya chuma au kobalti iwe mafuta. Franz Fischer na Hans Tropsch walilifanya hilo Ujerumani na makaa ya mawe miaka ya 1920, na kampuni ya Sasol ya Afrika Kusini imekuwa ikiishi nalo tangu 1955. Kuna njia ya kuiunguza bila hewa na kupitisha moshi wake kwenye zeolaiti, madini yenye vitundu vidogo vinavyochagua nini kipite. Kuna vimeng'enya, ambavyo navyo ni vichocheo, vya kuila selulosi polepole hadi iwe glukosi.

Njia zote hizo zikielekea kwenye mafuta ya gari au ndege, zinakutana na mlima mmoja: oksijeni. Katika kila kilo 100 za selulosi, karibu kilo 49 ni oksijeni. Petroli nzuri haina. Kwa lugha ya jikoni, mmea ni kuni iliyokwisha kuungua nusu, na wewe unataka kuirudisha iwe kuni mbichi. Oksijeni hiyo utaitoa ama kama maji, na hapo utahitaji haidrojeni ya kununua, ama kama kaboni dayoksaidi, na hapo utapoteza kaboni yenyewe uliyoihangaikia. Hata uchachushaji, ambao babu zetu waliufanya kwa mtama na wimbi, haukwepi ushuru huu: kilo 100 za glukosi zikichachuka kikamilifu hutoa kilo 51 za ethanoli, na 49 zinapaa hewani. Muhoroni wamekuwa wakitengeneza ethanoli ya molasi tangu miaka ya 1980, enzi ambazo Kenya ilikuwa ikiichanganya kwenye petroli, na walifaulu kwa kuwa molasi tayari ni sukari iliyoyeyushwa, imekusanywa tangini, mlango wa pili. Hakuna nyumba ya kubomoa.

Watu hunitajia Makueni. Kweli, tangu 2022 Eni, kampuni ya mafuta ya Italia, wana kiwanda cha kukamua mbegu kule, mafuta yanasafirishwa hadi Gela, Sicily, ambako haidrojeni na kichocheo huyageuza kuwa dizeli. Kweli, Mei 2023 ndege ya Kenya Airways iliruka kwenda Amsterdam ikiwa na mchanganyiko wa mafuta ya ndege yasiyo ya kisima. Lakini mbegu ya nyonyo si bagasi. Mafuta ya mbegu nyingi yana oksijeni kama asilimia 11 tu, ya nyonyo kama 15. Mmea wenyewe umeshakufanyia kazi ngumu. Kulinganisha hizo mbili ni kumlinganisha anayeteremka Nandi Hills kwa baiskeli na anayeipanda.

Nilimwambia kijana wangu: kama oksijeni ndiyo mzigo, tafuta bidhaa inayoitaka oksijeni hiyo. Usiiuze bidhaa yako mahali ambapo nusu ya uzito wake ni kasoro. Nikamtajia fufurali.

Jina lenyewe limetokana na neno la Kilatini la pumba. Aliyeipata kwanza ni Mjerumani Johann Wolfgang Döbereiner wa Jena, mwaka 1821, akaichapisha 1832. Nampenda huyu bwana kwa sababu ndiye yule yule aliyeonyesha mwaka 1823 kwamba ukipuliza haidrojeni juu ya platini inawaka yenyewe, platini ikabaki vile vile. Akatengeneza taa ya kuwashia moto iliyouzwa Ulaya nzima kabla ya kibiriti kuenea. Ni majaribio kama hayo yaliyomfanya Berzelius wa Uswidi, mwaka 1835, alipe jambo hilo jina linalotumika kimataifa hadi leo. Uchocheaji na fufurali ni ndugu wa boma moja.

Namna ya kuipata ni ile ya karai la Malava, ila kwa ukali zaidi. Unachukua bagasi, unaiweka kwenye chungu kilichofungwa, unaongeza asidi kidogo ya salfuriki na mvuke wa nyuzi 150 na kwenda juu. Asidi inakata zile kamba, hemiselulosi inakuwa zailosi, sukari ya kaboni tano. Kisha asidi hiyo hiyo inainyang'anya zailosi molekuli tatu za maji, na kinachobaki ni fufurali, kimiminika chenye harufu ya lozi ambacho hakina rangi asubuhi na huwa kahawia jioni ukikiacha wazi. Mvuke unaibeba na kuitoa nje. Ukichelewa kuitoa, inashikana na wenzake na kuwa lami nyeusi isiyofaa kitu. Nusu ya ufundi wa biashara hii ni kuharakisha kutoka. Katika viwanda halisi, piga hesabu ya tani kumi hadi kumi na mbili za bagasi kavu kwa tani moja ya fufurali.

Nani ananunua? Viwanda vya kumimina vyuma hununua gundi yake ya kushikizia mchanga wa kalibu. Wasafishaji wa mafuta ya injini huitumia kama kiyeyushio. Ukiipitisha na haidrojeni juu ya kichocheo cha shaba, inakuwa alkoholi ya fufurali, ambayo ndiyo mama wa gundi hiyo. Kutoka hapo njia zinatawanyika: viyeyushio, plastiki, dawa. Bei yake kwa kilo inaishinda ya mafuta ghafi, na oksijeni imebaki ndani, inalipiwa.

Wala si ndoto. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 kampuni ya Quaker Oats ya Cedar Rapids, Iowa, ilikuwa na maganda ya nafaka ya oti yaliyorundikana na vyungu vya mvuke visivyo na kazi. Wakaanza kupika fufurali, wakaifanya biashara ya dunia. Sezela, huko KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, walijenga mtambo wa kuitoa kwenye bagasi kando ya kiwanda cha sukari. Jamhuri ya Dominika vile vile. China, ambao ndio wakubwa wa soko, wanatumia magunzi ya mahindi. Na hapa kwetu Eldoret palijengwa kiwanda cha fufurali ya magunzi, hakikudumu. Vijana wengi wa kemia wanaopita Eldoret kila wiki hawajawahi kukisikia. Gunzi la Trans Nzoia limetapakaa kwenye maelfu ya nyua, na karibu kila moja limeshatengewa jiko la mtu. Quaker hawakwenda kutafuta maganda. Yalikuwa yao, yamekusanyika, yanawasumbua.

Kwa hiyo kipimo changu cha kwanza ni hiki: nani ameshalipa gharama ya kuleta mmea mahali pamoja? Kwa bagasi, mkulima amelipa. Gharama ya kukata na kusafirisha imekatwa kwenye malipo yake kwa sababu ya sukari. Bagasi imepanda lori bure. Kwa gugumaji hakuna aliyelipa. Mmea ule ni maji kwa asilimia 90 hadi 95. Lori la tani kumi linalotoka ufuo wa Dunga, Kisumu, limebeba tani tisa na zaidi za ziwa. Ukikata gugu ili wavuvi wapite, nakuunga mkono. Ukilikata ili utengeneze mafuta ya ndege, umeanzisha biashara ya kusafirisha maji.

Kipimo cha pili ndicho swali la mzee wa Malava. Hapa hesabu ni tamu kidogo. Ukiondoa hemiselulosi, selulosi na lignini zinabaki, na bado zinawaka. Hemiselulosi ndiyo kuni hafifu kuliko zote tatu. Kwa maneno mengine, unaweza kuvua kamba ukauza, halafu ukachoma fito na udongo. Lakini masalio yanatoka chunguni yamelowa na yana uchachu unaokula chuma, na chungu chenyewe kina kiu: mitambo ya zamani ilimeza zaidi ya tani 20 za mvuke kwa kila tani ya fufurali.

Chukua kiwanda cha kusaga tani 3,000 za miwa kwa siku. Bagasi yake ni tani 900 mbichi, 450 kavu. Ukiipika yote utapata labda tani 37 za fufurali, nayo itataka mvuke tani 700 na zaidi, wakati kiwanda chenyewe cha sukari kinatumia kama tani 1,500. Boila zetu, nyingi zikiwa za enzi ambazo wazee wetu walivaa bukta shuleni, haziwezi. Ukipika moja ya tano tu, utapata tani saba na kitu kwa siku, mvuke tani 150, moja ya kumi ya mahitaji ya kiwanda. Hiyo inawezekana kwa kuziba mabomba yanayovuja na kufunika yaliyo uchi. Nimeingia kiwanda kimoja huku ambako mvuke ulikuwa ukitoka kwenye viungo vya mabomba hadi unadhani uko kwenye chemchemi za moto za Bogoria. Kila wingu lile ni fufurali inayopaa.

Sipendekezi zaidi ya hiyo moja ya tano, na ninajua inavyowaudhi wenye michoro mikubwa. Soko la dunia la fufurali ni la laki chache tu za tani kwa mwaka; Wachina wakiamua kushusha bei, wataishusha. Anayejenga kikubwa kuliko chungu cha pembeni anacheza kamari.

Na wakubwa wamecheza, wakaliwa. KiOR ya Texas ilichukua mkopo wa dola milioni 75 kutoka jimbo la Mississippi, ikajenga huko mtambo wa kugeuza mbao kuwa petroli kwa kichocheo, ikafilisika Novemba 2014. DuPont walifungua kiwanda cha ethanoli ya mabua ya mahindi Nevada, Iowa, mwaka 2015, 2017 wakafunga. Clariant walizindua cha kwao cha mabua ya ngano kule Podari, Romania, mwaka 2021, na kabla ya 2023 kwisha wakatangaza kukifunga. Hawa hawakukosa maprofesa. Mabua huja na mchanga, mchanga unakwangua pampu. Huja yakiwa na unyevu leo na makavu kesho. Waliodumu zaidi, kama Raízen wa Brazil walioanzia Costa Pinto, Piracicaba, walikaa kando ya kiwanda cha sukari chenye boila za kisasa na bagasi inayozidi.

Sasa fikiria mchanga huo kwa udongo wetu. Nyanda za Kano ni udongo mweusi wa kunata. Mvua ikinyesha, muwa unafika kiwandani umevaa gamba. Ndani ya matope na majivu mna potasiamu na chumvi nyingine, na hizo zinakwenda moja kwa moja kwenye sehemu zenye asidi za zeolaiti na kuzikalia. Kichocheo kilichofanya kazi saa mia kwenye maabara kwa zailosi safi ya chupani kitachoka asubuhi moja kwa bagasi ya Awasi. Nasema hivi nikiwa na heshima kwa vyuo vikuu vya Maseno, Masinde Muliro na wenzao: tasnifu nyingi nilizosoma zinaanza na sukari iliyonunuliwa. Ningependa kuona moja inayoanza na trela iliyotoka kwenye tope. KIRDI, taasisi ya taifa ya utafiti wa viwanda, wana kituo Kisumu, watafiti wa miwa wako Kibos. Kutoka hapo hadi kiwanda kilicho karibu ni safari ya bodaboda.

Limebaki la mwenye mali. Mei 2025 serikali ilikodisha viwanda vyake vya sukari vya Nzoia, Chemelil, Muhoroni na Sony (South Nyanza) kwa wawekezaji binafsi kwa miaka 30. Katika miaka 30 chungu cha pembeni kitakuja, niandike nisiandike. Mkulima analipwa kwa tani za muwa. Sukari ikiuzwa, molasi ikiuzwa, umeme ukiuzwa, kwake ni muwa ule ule. Wakati wa kubishana kuhusu fungu lake katika bidhaa ambayo haijaanza ni sasa, kwa maana ikishaanza kuleta pesa hakuna atakayefungua mkataba.

Kijana wangu amepunguza pendekezo lake kutoka kurasa arobaini hadi kumi na moja, na gugumaji limetoka. Wiki jana tulikwenda naye kwa jirani yangu mwenye ekari sita karibu na Chemelil, akatuonyesha karatasi yake ya malipo ya msimu. Tuliisoma mstari kwa mstari juu ya bonneti ya pikapu: uzito wa jumla, uzito wa trela, uzito halisi, makato ya kukata, makato ya kusafirisha, mbolea, mbegu, salio. Kijana akaigeuza nyuma kuona kama kuna kingine. Nyuma ilikuwa nyeupe, na alama ya kidole gumba chenye matope.